Bibi amezikwa Rabai, wazee wakasema sisi ni "wa misheni". Maana yake ni nini?

Binti wa Mikindani

Hamjambo nyote. Naomba mwenye kujua anisaidie, maana nyumbani nimeuliza nikachoka.

Mwezi wa tatu tulimzika bibi yangu, mzaa mama. Aliishi Mikindani zaidi ya miaka arobaini akiuza vitumbua na mbaazi asubuhi pale nje ya nyumba, na sisi wajukuu tulimjua kuwa mtu wa Mombasa tu. Lakini alipolala kitandani maneno yake yakawa hayo hayo: nikifa mnipeleke Rabai, nikalale karibu na mama. Tukampeleka. Kutoka Mikindani si mbali, unafika Mazeras unakata kulia, ila mimi nilikuwa sijakanyaga huko tangu nikiwa mtoto wa kubebwa.

Makaburini mzee mmoja akamuuliza mjomba, "Nyinyi ni wa mbari gani?" yaani ukoo gani. Mjomba kimya. Mzee mwingine akamjibia, kwa sauti ya chini, "Hao ni wa misheni." Yule aliyeuliza akaitikia kwa kichwa, akachukua jembe, akaanza kufukia pamoja na vijana. Basi, hakuna aliyeongeza neno.

Mimi neno lile limenikwama kama mwiba wa samaki. Mama anasema hajui. Anachokumbuka ni kwamba babake bibi alikuwa na jina la Kizungu la kwanza na la mwisho, na hakuna aliyewahi kuwaeleza kwa nini.

Je, tulitukanwa? Hicho kijiji kilianzaje, na sasa watu wanaishi vipi? Desemba tunataka kujengea kaburi. Sitaki kwenda tena kama mgeni kwenye mazishi ya bibi yangu mwenyewe.

---

Dereva wa Kaloleni

Pole kwa msiba, dada. Ya kale waachie wakubwa, mimi nakwambia ninachokiona kila siku, kwa kuwa njia yangu ni hiyo. Alfajiri abiria wa Rabai wengi ni akina mama, na juu ya gari tunapanga magunia ya nazi, madafu, makuti yaliyoshonwa na mafungu ya mtsunga, ile mboga ya majani, kwenda soko la Kongowea na kwengineko. Jioni wanarudi na unga, sukari, mafuta ya kupikia na samaki aliyekaangwa. Vijana wanaokwenda kibarua Miritini na Changamwe hurudi na gari la mwisho. Ukishuka stegi, bodaboda mpaka kanisani ni karibu, hata kwa miguu unafika. Ukipita wakati wa mvua vaa viatu vya kufaa, ule udongo mwekundu hautaki mchezo.

---

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, pole sana. Hamkutukanwa. Mimi nimezaliwa Rabai mwaka 1951, mahali ambapo kengele ya kanisa ikipigwa unaisikia ukiwa jikoni. Baba yangu alikuwa Mrabai na kazi yake ugema. Mama yangu alikuwa mtu wa misheni kama bibi yako. Kwa hiyo unaniuliza habari za mamangu, na nitakujibu kwa kirefu.

Mahali penyewe, pale penye kanisa, wazee walipaita Kisulutini. Mmisionari Mjerumani, Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa saba mwaka huo huo mkewe Rosina akafa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache; ukumbusho wao uko upande wa Nyali mpaka leo. Mwaka 1846 akaja mwenzake Johannes Rebmann, na tarehe 25 Agosti wakapanda kilima cha Rabai kukaa, wote wawili wana homa. Siku hizo njia ilikuwa ya maji: mashua kutoka kisiwani kupitia hori ya Tudor, katikati ya mikoko, kisha unapanda kwa miguu au juu ya punda. Wazee wa kaya, ule mji wa asili wa Warabai ndani ya msitu, ndio waliowapa ruhusa ya kujenga.

Utasikia habari za Kilimanjaro, kwamba Rebmann alitoka Rabai na kiongozi wa msafara Bwana Kheri, akaiona theluji tarehe 11 Mei 1848, na mabwana wa London wakakataa kusadiki. Ni kweli yote. Lakini watoto wa shule hufundishwa hayo peke yake, wakadhani kijiji kizima kiliwekwa pale ili Mzungu apate pa kuanzia safari. Miaka mingi misheni haikuwa na waumini wa kujaza hata mkeka mmoja. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu, naye alibatizwa akiwa kwenye kitanda chake cha mauti. Krapf aliondoka 1853. Rebmann akabaki mpaka 1875, miaka 29, akaondoka macho yamekwisha kuzimika.

Kilichokijaza kijiji ni watu wenu, na wa mamangu.

Wa kwanza waliitwa Wabombei. Hawa walikuwa Waafrika waliochukuliwa utumwani wakiwa watoto, wakaokolewa baharini, wakapelekwa India wakasoma huko kwenye shule ya misheni ya Nasik. Mwaka 1864 watatu wao, George David, William Jones na Ishmael Semler, wakaletwa Rabai kumsaidia Rebmann. Kisha mwaka 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka 1875 ikaanzishwa Freretown hapo Kisauni kwa ajili ya watumwa waliookolewa kutoka majahazini. Baadhi yao na watoto wao wakafika Rabai.

Kundi la tatu ndilo kubwa, na ndilo lisilotajwa sana. Watoro. Watumwa wa mashamba ya pwani waliotoroka usiku, wakapita vichakani, wakasikia kwamba juu ya kilima kuna mahali mtu hatoulizwa bwana wake ni nani. William Jones ndiye aliyekuwa mkubwa wa kituo wakati watoro walipozidi. Ni huyu huyu ambaye, baada ya Askofu Hannington kuuawa Busoga mwaka 1885, aliurudisha msafara kwa miguu mpaka Rabai mapema 1886. Mtu aliyepitia utumwa utotoni hangeweza kumfukuza mtoro, na hakuwafukuza. Wenye mashamba wakaja juu, wanadai mali yao. Mambo yalikaribia kuwa vita. Mwishowe kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani, chini ya George Mackenzie, ikakubali kuwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 karatasi za uhuru zikatolewa pale pale Rabai. Pamoja na vituo vingine, watu waliokombolewa hivyo walizidi 1,400. Utumwa wenyewe kisheria haukufutwa mpaka 1907, kwa hiyo utaona karatasi ile ilikuwa na uzito gani.

Babu yake mama yangu alipewa moja akiwa kijana. Bibi alinisimulia kwamba mzee hakuitundika ukutani. Aliiweka ndani ya kopo la bati, kopo akaliweka juu ya dari chini ya makuti, na kila masika yakikaribia alipanda kuliteremsha aone mchwa hawajaifikia. Aliikunjua, akaitazama, na alikuwa hajui kusoma. Akaikunja kwa mikunjo ile ile, akairudisha.

Sasa utaelewa habari ya mbari. Watu hawa walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Mbari zao zilibaki ng'ambo ya Ruvuma, na wengi walichukuliwa wadogo hata jina la kijiji chao hawakulishika. Walipobatizwa wakapewa majina ya Kizungu, ndiyo hayo ya babake bibi yako. Mtu akiulizwa "wa mbari gani" alikuwa hana cha kujibu, ndipo wenyeji wakampa jibu: wa misheni. Likawa kama ndilo jina la mbari yenyewe.

Siwezi kukwambia kwamba mambo yalikuwa matamu siku zote. Baba yangu alipotaka kumwoa mama, shida ilikuwa kadzama, kile kibuyu cha pombe ya mnazi. Kwetu Warabai huwezi kupeleka posa bila kadzama ya mnazi, ni sawa na kutobisha hodi. Na kwa watu wa misheni pombe ilikuwa haiingii nyumbani. Upande mmoja ukasema bila mnazi hakuna ndoa, wa pili ukasema ukiingia mnazi hakuna ndoa. Walikaa miezi. Mwisho mjomba wa mama, mtu mpole sana, akatoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba chini ya mkanju, akaipokea kadzama kule, akawapa wazee wa upande wa baba wainywe wenyewe. Mbele ya nyumba watu wakaimba tenzi. Ndoa ikafungwa, na mimi nikapatikana. Najua watu wa nyumba nyingi pale Rabai ambao wakichimba kidogo tu watakuta kadzama ya nyuma ya nyumba. Kwa hiyo leo kumtenga "Mrabai" na "Mmisheni" ni kazi ngumu kuliko unavyofikiri.

Umeuliza na ya sasa. Kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa 1887, bado watu wanasali ndani yake. Nyumba za Krapf na Rebmann zipo, na kuna makumbusho. Wanafunzi huletwa kwa mabasi, wanazunguka, wanapiga picha, wanaondoka. Kijiji kinabaki na shughuli zake.

Minazi imezeeka. Baba alikuwa akipanda minazi kumi na miwili, asubuhi na jioni, kwa vidato alivyovichonga mwenyewe kwenye shina. Tukiwa chini tulikuwa tunasikia kisu chake kinagonga karara, ko, ko, ko, kabla hajakata kile kipande chembamba kama ukucha ili utomvu uanze kushuka upya kwenye kibuyu. Ukikata kinene unaliua karara, usipokata linakauka. Mimi alinikataza kupanda, akasema miguu yangu ni ya kwenda shule. Nilishukuru wakati ule. Siku hizi nikienda nyumbani wagema ni wa kuhesabu, wengi wana mvi, na kijana mwenye nguvu anaona afadhali pikipiki. Mnazi ukianguka kwa upepo haupandwi mwingine, kwa sababu unachukua miaka mingi kuzaa na aliye na shamba anafikiria kuuza ploti kesho. Paa za makuti zinatoweka, mabati yamejaa. Sisemi ni vibaya, makuti yanavuja na yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, lakini mchana wa Januari ndani ya nyumba ya bati huwezi kukaa.

Na maji. Bomba kubwa la maji ya Mzima, kutoka kule Tsavo, linafika kwenye matangi ya Mazeras kisha linateremka Mombasa. Unaona mwenyewe. Maji yanapita karibu yetu kwenda kwenu, na dada zangu bado wanapanga mitungi kwenye mfereji ambao siku nyingine hautoi kitu.

Nenda, mwanangu. Ukiulizwa tena mbari, usiiname. Sema: wa misheni, na taja jina la babu yenu lote.

---

Mwana wa Kaya

Mwalimu, heshima yako iko pale pale, ulimfundisha kaka yangu. Lakini umeanza na 1844, kana kwamba kilima kilikuwa kinamngoja mtu. Naomba nirudi nyuma kidogo, kwa sababu dada hawezi kuelewa lile swali la kaburini bila hili.

Sisi Warabai ni mmoja wa Mijikenda tisa, na kabla ya kanisa kulikuwa na kaya. Mudzi Muvya, maana yake mji mpya, Bomu na Fimboni. Ndizo kaya zetu, na mwaka 2008 ziliingizwa kwenye urithi wa dunia pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Katikati ya msitu kuna moro, pale wazee wa ngambi, yaani baraza la kaya, walipokaa kuamua mambo. Kuna fingo lililozikwa kuulinda mji. Mpaka leo ukiingia unavua viatu, hukati mti, huokoti hata tawi lililoanguka. Krapf aliwakuta wazee wamekaa chini ya utaratibu huo na wakamsikiliza kwa adabu. Na hakuwa mgeni wa kwanza. Wakamba walikuwa wamekwisha kuja kwa njaa ya mwaka 1836 wakapewa pa kukaa, na wengine wapo na ni ndugu zetu.

Sasa mzee kuuliza mbari kaburini si ukabila wala dharau. Kwetu maiti haendi kaburini peke yake. Lazima ijulikane ni nani wa kusema na waliotangulia, ni nani atangulie kutia udongo, ni nani atagawa majukumu ya matanga. Mzee alikuwa anatafuta nani ashike kazi. Alipoambiwa ni watu wa misheni, alijua hakuna mwenye mbari pale wa kufanya, akashika jembe mwenyewe. Dada, tazama tena ulichokiona. Alifanya kazi ya ndugu.

Nami niongeze la leo ambalo Mwalimu amelipitia mbali. Ardhi imetuharibia. Mtu anataka kuuza shamba, mzee wa nyumba hataki, basi mara unasikia mzee ni mchawi. Huku Kilifi wazee wameuawa kwa neno hilo, na wengine wamekimbia nyumba zao. Baba yangu mkubwa, anayeijua kila njia ya msitu ule, alianza kupaka nywele piko. Nilidhani ni urembo wa uzeeni, nikamtania. Akaniambia, "Mvi zinaua, mwanangu." Sijamtania tena. Siku nikienda kumsalimia napita dukani kwanza, namnunulia piko, maana hawezi kwenda kuinunua mwenyewe watu wakimwona. Huyo ndiye angekueleza mwanzo wa kijiji, na anaishi akijificha uzee wake. Tukijenga makumbusho na kuwaacha wazee hivi, tutakuwa na nyumba za Wazungu wawili na hakuna wa kusimulia.

---

Mjukuu wa Kengeleni

Dada, sisi wa Freretown swali lako tunalijua vizuri. Kwetu mji umemeza kijiji, magorofa na maduka kila upande, na watu hupita pale Kengeleni kila siku bila kujua kwamba mahali pamepewa jina kwa kengele ile ya kuwaonya waliokombolewa kuwa hatari inakuja. Rabai angalau bado unaweza kusimama ukaona udongo.

Ushauri wangu ni mmoja. Uliza kitabu cha ubatizo. Nenda na jina la bibi, jina la babake na mwaka wa kukadiria. Mimi nilimpata babu wa babangu kwenye mstari mmoja tu, jina la ubatizo, na pembeni pameandikwa "Myao". Neno moja. Nililinakili kwa kalamu mkono unatetemeka. Mchukue na mama yako, usiende peke yako.

---

Binti wa Mikindani

Asanteni sana. Mwalimu, shikamoo. Nilisoma jibu lako kwa sauti mama akiwa anakuna nazi. Ulipofika kwenye lile kopo juu ya dari, akaacha kukuna. Akakaa. Kisha akasema kulikuwa na kopo nyumbani kwa bibi Rabai, la majani ya chai, na watoto walikuwa wanachapwa wakiligusa. Hakuwahi kujua kulikuwa na nini ndani.

Jumamosi tukaenda. Mwenye funguo za vitabu hakuwepo, tumeambiwa turudi katikati ya wiki. Tukaenda kaburini. Udongo ulikuwa umetitia kwa mvua na mtu alikuwa ameujaza tena, ameupiga vizuri kwa jembe, na kuzunguka kaburi amepanga vifuu vya nazi ili mbuzi wasipande. Tukauliza ni nani. Ni yule mzee. Tukamfuata kwake, amekaa kibarazani anashona makuti. Ana kofia, ameivuta mpaka kwenye masikio, na sasa najua kwa nini, Mwana wa Kaya.

Mama akamwamkia. Mzee akauliza tena, kama siku ile, ni wa nani nyinyi. Mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akilitaja, akasema jina la babu yake lote, la kwanza na la mwisho. Mzee akalirudia kwa namna yake, herufi za Kizungu zimelainika zote, tukajua alikuwa analijua siku nyingi. Akatuonyesha kwa kidole upande wa bondeni, kuna muembe mkubwa, akasema nyumba yao ilikuwa pale.

Hatukuteremka, jua lilikuwa linazama na gari la mwisho lilikuwa karibu. Jumatano tunarudi, tuanze na muembe halafu kitabu. Nimemnunulia mzee sukari na majani ya chai. Mwalimu, nyumba ya mamako ilikuwa upande gani wa kanisa?

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Ukiwa umeupa mlango wa kanisa mgongo, shika kijia cha kushoto kinachoteremka. Huo muembe tulikuwa tunaupiga mawe tukitoka shule, na mama mmoja alikuwa akitoka na mwiko kutufukuza. Jumatano nitakuwa hapo saa nne.